Nilivyoenda Machakos Kumtoa Ndanu Kwenye Mbio za Pikipiki

Wenzangu wa kikundi, nimechoka. Tangu nirudi kutoka Machakos sijachemsha chai hata mara moja bila mtu kubisha hodi akitaka kujua yaliyotokea, na kila anayetoka hapa anaenda kuyasimulia kwa namna yake. Kuna aliyesikia nimekamatwa na polisi. Kuna aliyesikia nimepigana na mwanamume mwenye bendera. Mmoja wenu, na simtaji jina, alisikia Ndanu amevunjika shingo, akaja na sukari na majani ya chai kama mtu anayekwenda matangani. Sukari niliipokea, nikamwambia mtoto ni mzima. Basi nimekaa chini niandike yote mara moja, mpeane msome, kisha mniache nipalilie ndengu zangu.

Kwa wale mliojiunga na kikundi juzijuzi: Ndanu ni binti yangu wa pekee. Ni fundi wa pikipiki Nairobi na anaishi Syokimau. Zaidi ya ufundi, anakimbia mbio. Siyo hizi pikipiki zetu za kubeba watu na kuku. Ni zile nyembamba zenye miguu mirefu, zinazoruka matuta ya udongo mpaka magurudumu yote mawili yanaacha ardhi. Kuna gereji moja inayomlipa akimbie kwa jina lao. Sikuwahi kwenda kumwona. Hata picha alizonitumia nilikuwa nafuta kabla hazijafunguka vizuri.

Halafu akanipigia simu. Akaniambia gereji wanataka kumwandika rasmi, awe anakimbia mpaka Uganda na Rwanda, lakini hataki kuweka sahihi nikiwa nimenuna. "Mum, kuja mara moja tu," akasema. "Ukishaona na macho yako, ukiniambia niache, nitaacha. Sitakuuliza kwa nini."

Nilikubali palepale. Na niwaambie ukweli, sikukubali ili nione. Nilikubali kwa sababu jibu nilikuwa nalo tayari mdomoni. Nilikuwa naenda kusema acha, na nirudi naye.

Masinga hadi ile kona

Nilisafiri na Mwangi. Mnamjua, yule mfanyabiashara wa Yatta anayenunua ndengu kwa wakulima, Mkikuyu aliyekaa kwetu mpaka matusi yake ya Kikamba yanatushinda sisi wenyewe. Alikuwa anapeleka mzigo kwa pikapu yake, na mbele palikuwa na nafasi moja. Nilivaa kitenge cha Pasaka na viatu vya kanisani. Kwenye kiondo niliweka hotpoti ya muthokoi, yale mahindi yaliyotwangwa maganda, niliyoyapika kwa maharagwe na kitunguu kingi, maana Ndanu alivyokuwa mdogo angeweza kukuuza kwa sahani moja ya muthokoi.

Tulikwenda vizuri, Mwangi akilalamika kuhusu mvua, wanunuzi na mke wake, kwa mpangilio huo. Kabla ya Matuu tukafika kwenye ile kona. Mwangi akapunguza mwendo bila kuambiwa. Huwa anafanya hivyo kila akipita, na mimi sijawahi kumshukuru.

Nitaandika kilichotokea hapo kwa sababu bila hicho hamtaelewa mengine. Mume wangu Mutiso alianguka hapo na pikipiki akikwepa mbuzi. Hakufa kwa kuanguka. Aliumia mguu, akakaa katikati ya lami, na waliokuwa wakilima karibu wanasema alikuwa anaongea vizuri, hata anamtukana mbuzi. Wakaja wakamzunguka. Wakampa maji. Wakaanza kushauriana ni nani apigiwe simu. Walikuwa watu wema, na wote walikuwa upande wa Mutiso. Hakuna aliyekumbuka kukata matawi na kuyatandaza kwenye lami, kule nyuma ya kona, kama tunavyofanya sote mtu akianguka. Lori lilipotokea wao waliruka pembeni. Yeye hakuweza kuruka.

"Mwalimu," Mwangi akasema tulipokwisha pita, "kwa hivyo ukifika utamwambia aache?"

"Nitamwambia."

"Na atakubali?"

"Ameahidi."

Mwangi akabadilisha gia. "Hiyo ahadi ni nzito. Mimi singetaka mtoto anipee nguvu kama hiyo."

Nikamwambia aangalie barabara.

Muthetheni, asubuhi ilikokwenda

Kutoka Matuu tungeweza kwenda moja kwa moja, lakini Mwangi alikuwa na magunia ya kushusha Muthetheni. "Ni kushusha tu, Mwalimu. Dakika kidogo." Mkisikia mfanyabiashara anasema dakika kidogo, shukeni mtafute kiti.

Mwenye magunia alikuwa kanisani, na stoo ilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Mwangi akakataa kushusha mali barabarani. Nikakataa kuketi garini juani. Kwa hivyo wale mnaonong'ona kwamba Mwalimu Syombua alikosa misa ili akaone pikipiki, jueni nilisali Muthetheni, misa nzima, pamoja na mchango wa kumalizia paa la jikoni la padri.

Shida ilikuja wageni walipoambiwa wasimame wajitambulishe. Nilisimama nikasema natoka Masinga, naelekea Machakos, binti yangu anakimbia mbio za pikipiki leo. Nilidhani wataniambia karibu, basi. Badala yake kanisa zima likashusha pumzi kwa pamoja. Mama mmoja wa safu ya mbele akaanza kunitazama kama aliyepokea simu ya hospitali. Walinizunguka mwishoni, wakaniwekea mikono mabegani, na yule mama akamwomba Mungu azime injini zote kabla mtoto hajaumia. Nikaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Walitupa chai na viazi vitamu. Mwenye ufunguo alikunywa vikombe viwili huku Mwangi akimtazama. Tulipoondoka jua lilikuwa limeshapanda sana, na nilikuwa na hakika nimechelewa, na ndani yangu sehemu ndogo ilifurahi. Kama mbio zimekwisha, nitasema acha bila kuona chochote.

Langoni

Hazikuwa zimekwisha. Tulizisikia kabla ya kuuona uwanja. Ni mlio unaopanda na kushuka, kama posho mill nyingi za kusaga unga zinazogombana.

Uwanja uko nje ya mji, umechongwa kwenye shamba lililokuwa la mkonge zamani. Njia ya udongo mwekundu inajikunja huku na huko, matuta yanapanda na kushuka, na watu wamejaa kando wamevaa miwani ya jua. Mwangi alinishusha langoni akaenda mjini na mzigo wake, tukaagana atanirudia jioni. Nikampigia Ndanu simu. Ilikuwa imezimwa.

Kijana wa langoni alikitazama kiondo, akaitazama hotpoti, akanitazama mimi.

"Mathe, sasa. Wanaouza chakula wanaingilia kule nyuma."

"Mimi siuzi. Mimi ni mzazi."

"Wote ni wazazi wetu, mathe. Kule nyuma."

"Nimesema mimi ni mzazi wa anayekimbia!"

"Poa, mathe, poa. Lakini hotpoti haipiti hapa. Kule nyuma."

Nimefundisha darasa la kwanza miaka mingi, na najua ni lini mtoto hatabadilisha jibu. Nikazunguka nyuma.

Kwa Mama Kioko

Nyuma kulikuwa na mstari wa akina mama na majiko yao, wanauza soseji za smokie, mayai na kachumbari, chapati na soda. Nilipotokea na hotpoti walininyamazia kama duka linavyonyamaza askari wa kanjo akiingia. Mmoja mnene, aproni ya bluu, kisu mkononi, akanijia.

"Wewe ni wa nani? Hapa tumeshajigawa."

Kabla sijamjibu, mwanamume mmoja mwenye koti la ngozi akajifunulia hotpoti yangu. "Muthokoi! Wacha! Nipimie hapo, mama." Akaninyooshea sahani ya karatasi. Na mimi, sijui hata kwa nini, nikampimia. Mtu akininyooshea sahani mkono wangu huwa haungoji kichwa. Nyuma yake wakapanga wengine wawili. Yule mama wa aproni akaanza kupumua kwa pua.

"Dada yangu," nikamwambia, "mimi sina biashara. Mimi nimekuja kwa msichana wangu, na huyu kijana wa lango amenikosea. Hiki ni chakula chake."

"Msichana wako nani?"

"Ndanu."

Kisu kikashuka. "Ndanu wa helmeti ya kijani? Wetu wenyewe? Aiya! Kwani hukusema?" Akawafukuza wale waliopanga, akafunika hotpoti, akanivutia kreti ya soda mpaka kwenye kamba, mahali pazuri kuliko pa wale wenye miwani. Jina lake ni Mama Kioko, na kila mbio zikifanyika anauza hapo hapo, kando ya tuta kubwa kuliko yote. Akanipa chapati akakataa nimlipe, na akaanza kunisomesha.

"Hii tuta, wakiruka hapa hawaoni mbele. Ndio maana kuko na huyo kijana na bendera ya manjano. Mtu akianguka kule chini, yeye anapeperusha, wengine wanatuliza mwendo."

"Na aliyeanguka?"

"Anajiinua. Ama watu wa huduma ya kwanza wanakuja. Lakini mtu wake asimguse, na asiguse pikipiki. Akiguswa tu na mtu wake, ameondolewa kwa mbio. Mwaka jana baba mmoja alimharibia mtoto hivyo."

Niliitikia nikitafuna. Chapati ilikuwa laini.

Tuta

Mbio ya kwanza ya wasichana ilianza upande wa mbali. Niliona vumbi tu, halafu wakatokea wamebanana. Helmeti ya kijani ilikuwa ya tatu. Ndanu alilipanda tuta kwa kishindo, akaruka, akakaa hewani muda mrefu kuliko mtu anavyostahili, akatua akaenda. Nilikuwa nimefumba macho. Mama Kioko akanigonga goti. "Si uangalie! Umetoka Masinga kuangalia."

Mzunguko uliofuata niliangalia. Wa tatu pia. Na hapa niseme jambo ambalo lilinikera: alikuwa mzuri. Alisimama kwenye vile vikanyagio magoti yamelegea, mabega yametulia, na kichwa kikitazama mbali mbele yake. Hivyo ndivyo Mutiso alivyokuwa akiendesha. Nilimkasirikia Mutiso kwa kumwachia mtoto mwendo ule.

Kisha wasichana wawili wakagongana kwenye kona iliyo chini ya tuta. Pikipiki moja ikabaki katikati ya njia. Yule kijana wa bendera akatazama huku, akatazama kule, akashuka mbio kwenda kuivuta. Nadhani aliona kuna nafasi ya kutosha. Hakuona kwamba Ndanu alikuwa anakuja.

Aliruka kama alivyoruka mwanzo, akatua, akaiona ile pikipiki, akakata, na yake ikamtupa. Alianguka chini upande wa kutua, pale pale wengine wangeshukia. Pikipiki ilimlalia mguu.

Miguu yangu ilitaka kwenda kwake. Nisiwadanganye. Nilikuwa nimeshavuka kamba na nilikuwa nalia jina lake, na Mama Kioko nyuma yangu alikuwa anapiga kelele, "Usimguse! Ukimgusa ametoka!" Wala sikujali kutolewa. Atolewe! Si ndicho nilichofuata?

Lakini upande wa pili wa tuta niliusikia ule mlio unapanda, na bendera ya manjano ilikuwa imelala chini peke yake. Nikajua kinachokuja. Nilikijua kwa jina.

Nikampa mtoto wangu mgongo. Sijawahi kufanya jambo gumu kuliko hilo, hata siku ya kumzika baba yake. Kando ya kamba palikuwa na mbarika zimejiotea, ile mimea ya majani mapana. Nikazivunja kwa mikono miwili, nikakimbilia upande wa kupandia, nikazitupa kwenye udongo tawi juu ya tawi, hapo mwanzoni mwa mpando, na nikabaki na moja mkononi nikilipunga. Mama Kioko alikuja na yake. Kiatu kimoja kilibaki kwenye udongo. Sikumwona Ndanu tena, tuta lilikuwa katikati yetu.

Wakatokea. Wa mbele alikuwa na helmeti nyeupe, anakuja kasi, ameinama. Nilimwona akiyaona matawi. Mkono wake wa kushoto ulipanda juu, kama wanavyofanya barabarani, na pikipiki ikakaa chini, ikapinda pembeni, ikasimama hatua chache kutoka kwenye kitenge changu. Wa nyuma yake naye akainua mkono. Na wa nyuma ya huyo. Wote, kila mmoja, wakatulia kwa matawi ya mbarika.

Yule kijana wa bendera alirudi mbio, uso umemsawajika. Kisha bendera nyekundu ikapeperushwa huko mbele, na uwanja ukanyamaza. Katika kimya hicho nikasikia upande wa pili wa tuta sauti ya mtoto wangu ikiniita mama kwa Kikamba, "Mwaitu! Mwaitu, usikuje! Niko sawa!"

Nikaketi juu ya matawi nikalia. Haya, hilo ndilo la kweli. La kupigana na mwenye bendera ni uongo.

Hemani

Walinichukua, ndiyo, lakini siyo polisi. Ni wanaume wawili waliovaa fulana za mbio, na mmoja alinibebea kiatu. Wakanipeleka kwenye hema la msimamizi wa mbio, mzee mrefu mwenye kofia, aliyekuwa na hasira ya mtu aliyeogopa.

"Mama, umeingia kwa njia ya mbio. Unajua ungekufa?"

"Najua."

"Na wewe ni wa familia ya aliyeanguka. Sheria ni moja. Ulimgusa? Uligusa pikipiki yake?"

"Sikumgusa," nikasema. "Mpaka saa hii sijamgusa."

Yule kijana wa bendera alikuwa amesimama mlangoni. "Ni ukweli, mzee. Nilimkuta juu huku, anaangalia upande ule mwingine. Mimi ndio nilitoka kwa post yangu." Ilimgharimu kusema hivyo, na nikampenda.

Msimamizi akakuna kidevu. Ndipo akaingia msichana mmoja wa rangi ya maji ya kunde, helmeti nyeupe kwapani, vumbi mpaka kwa nyusi. "Mimi ndio nilikuwa mbele. Nikiona tu matawi nikajua kuko na mtu amelala huko."

"Matawi si alama ya mbio," msimamizi akasema. "Ulijuaje?"

"Kwani wewe mzee huendeshi hii Kenya?"

Mtu alicheka nje ya hema, halafu msimamizi mwenyewe akacheka, na hasira ikamtoka. Akaamua Ndanu abaki kwenye mbio. Akaamua pia kwamba kila tuta liwe na watu wawili wa bendera, na mimi nisionekane tena karibu na kamba. Nilikubali yote matatu.

Ndanu alikuwa hema la pili, kwa daktari, amevuliwa koti la mbio. Sasa niliruhusiwa kumgusa. Nilimshika uso nikamkagua kama ng'ombe wa kununua, meno, macho, masikio, na yeye akawa anasema, "Mum, watu wanaona." Mguu ulikuwa umevimba kidogo tu. Buti lilikuwa limeuokoa.

Daktari akamwinua mkono, akaona kovu refu limetoka kiwiko mpaka karibu na bega. "Hili ni kubwa. Ulipata kwa mbio gani?"

Ndanu akanitazama. Akamtazama daktari. "Hiyo si ya mbio. Ni ya Mombasa Road. Trela ilinibana nikienda job."

"Wewe unaenda kazini na pikipiki?"

"Mum, kila mtu huenda na pikipiki. Jam ni mbaya."

"Nani alikuokota?"

"Nilijiokota. Magari yalikuwa yananipita tu huku na huku, nikavuta pikipiki mpaka kwa mtaro." Alisema kama mtu anayeeleza alivyonunua mkate. "Sikutaka kukushtua."

Daktari alikuwa anafunga bandeji. Alimwambia mguu uko sawa, akijisikia anaweza kukimbia mbio ya pili. Wote wawili wakanigeukia mimi, na nikatoka nje ya hema. Nilikuwa nimebeba neno moja tangu Masinga, na sasa sikujua niliweke wapi.

Mbio ya pili

Mbio ya pili niliitazama kutoka mbali, kati ya wenye miwani ya jua. Sikufumba macho. Nilikuwa natazama vitu ambavyo mwanzo sikuviona. Kwenye kila tuta palikuwa na watu wawili, kazi yao ni kumngoja mtu aanguke. Gari la wagonjwa lilikuwa limewashwa injini. Daktari alisimama mlangoni pa hema lake na glavu mkononi. Msichana mmoja alianguka kona ya mbali, na kabla vumbi halijakaa bendera zilikuwa juu na wenzake wote wamepunguza mwendo.

Nikawaza ile kona ya kabla ya Matuu. Nikawaza Mombasa Road, trela na mabasi, na mtoto wangu anavuta pikipiki mpaka mtaroni, mkono umechanika, hakuna aliyesimama. Hilo lilikuwa likitokea asubuhi ya Jumatatu, mimi nikiwa huku Masinga nimetulia, nikidhani hatari iko Jumapili.

Alimaliza wa nne. Aliinua mkono akipita mbele yangu, nami nikainua kiatu, kwa maana nilikuwa bado nimekishika.

Kurudi

Mwangi alirudi jua likiwa limelegea. Tulikula muthokoi uliobaki tukiwa tumeketi nyuma ya pikapu, mimi, Ndanu, Mwangi na Mama Kioko aliyekuja na kachumbari yake. Mwangi alisimuliwa kila kitu na akakisimulia tena palepale kwa sisi tuliokuwapo. Ndanu hakula sana. Mwishowe akaweka sahani chini.

"Basi mum. Umeona. Sema."

Mwangi akaacha kutafuna.

"Niliogopa," nikamwambia. "Na ukikimbia tena nitaogopa tena, usinitarajie nizoee. Weka sahihi yako. Kimbia mpaka Uganda, mpaka Rwanda, mahali popote penye watu wanaokungoja na bendera."

Alifungua mdomo. Sikumwachia.

"Lakini ufunguo wa ile pikipiki ya kwenda kazini, nipe."

"Mum!"

"Ulisema nikikwambia acha utaacha, na hutaniuliza kwa nini. Nakwambia acha ile ya barabarani."

"Sasa nitaenda kazi na nini?"

"Treni si inapita hapo kwako Syokimau?"

"Treni inajaa, mum. Watu wanasimama mpaka mlango."

"Na wote wanafika."

Nilifikiri atakasirika, na nilikuwa tayari. Badala yake mtoto huyu, ambaye hakulia akilaliwa na pikipiki, akautoa ufunguo kwenye mnyororo wake na kuniwekea mkononi. Kisha akaniinamia shingoni akalia, akasema hata yeye huogopa ile barabara kila asubuhi, na hakuwa na mtu wa kumwambia.

Mama Kioko alipangusa macho kwa aproni. Mwangi akaenda kukagua tairi ambalo halikuwa na shida.

Jumatatu nilikuwa jikoni simu ilipolia. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na kelele za watu na chuma kikigonga chuma. "Mum, niko ndani ya treni. Nimesimama na mguu mmoja, mwingine hauna nafasi, na kuna mtu ananipumulia kwa sikio." Nikamwambia pole sana, mwana wakwa. Nikaweka simu mezani. Kisha nikazima jiko, nikaingia chumbani, mchana kweupe, nikalala kama sijalala tangu Mutiso atuache.